Jina Ambalo Lekoko Alikataa Kulitaja

Zamani mtu akishikwa na watu wa mbali, wazee walimtuma mwenzao mmoja mwenye majani mabichi mkononi, alama ya amani, naye akarudi na mtu huyo; siku hizi kuna majumba yenye bendera yetu katika miji mikubwa ya dunia, na imeshindikana kumrudisha kwao mchunga mbuzi mmoja wa Endulen.

Baba yake Lekoko alikuwa mmoja wa wazee hao wa majani. Enzi ambazo Wambulu walificha ng'ombe wao katika nyumba zilizochimbwa ardhini kwa kuwaogopa Wamasai, yeye ndiye aliyepanda kwao kusuluhisha. Alikwenda bila mkuki. Alisimama mahali pa wazi, akainua majani, akangoja mpaka mtu atoke. Kwanza walimtukana, naye alikaa kimya akasikiliza matusi yote mpaka yaishe, kwa sababu mjumbe asiyevumilia kutukanwa hafai kutumwa. Kisha walimpa maziwa, wakazungumza. Walimjua kwa uso, wakajua na ng'ombe wake. Hakuna aliyemwuliza kitambulisho.

Lekoko hakuirithi kazi hiyo, kwa kuwa kazi yenyewe ilikufa kabla ya baba yake. Yeye alitahiriwa na rika la Makaa, akachunga, akaoa, akajenga boma juu ya bonde karibu na Endulen. Aliona ng'ombe wakishuka kunywa maji ya kreta, halafu akaona wakikatazwa na watu wa hifadhi. Aliona watu wakiruhusiwa kulima mahindi kidogo nyuma ya boma, halafu mahindi yakawa kosa. Kila badiliko lilikuja na mkutano, na kila mkutano ulikuwa na wageni waliofika kwa magari mazuri na kuondoka kabla ya jua kuzama. Kisha mvua zikagoma, ng'ombe wakaisha, na mtu aliyezoea kuhesabiwa kwa mifugo yake akabaki anahesabiwa kama idadi ya watu tu.

Ndiyo sababu hakumzuia Naftali.

Naftali alikuwa mtoto wake wa kwanza kwa mkewe, Naisula. Alimaliza shule ya msingi, akachunga mpaka hapakuwa na cha kuchunga, akaenda kuruka mbele ya wazungu kwenye boma la utalii pale njiani. Alirukaruka misimu miwili huku akipigwa picha. Siku moja alirudi akasema, "Baba, nimechoka kuwa mnyama." Karatu alikutana na mtu mnene mwenye simu mbili aliyetafuta wachungaji wa kwenda Uarabuni. Huko, alisema, kuna mbuzi na ngamia wengi kuliko watu, na Waarabu wanamwamini Mmasai.

"Mbuzi ni mbuzi," Naftali alimwambia baba yake. "Hata akilia kwa Kiarabu nitamwelewa."

Wakacheka. Akaondoka kupitia Namanga na Nairobi, kwa kuwa yule mtu alidai njia ya huko ni nyepesi. Mke wake, Nareyu, alibaki bomani na mtoto wao mchanga, kwa wakwe zake. Ujumbe ulifika mara kadhaa, salamu na picha ya mchanga usio na mwisho, halafu simu ya Naftali ikawa haipatikani. Mwaka ukapita, na mwingine ukafuata.

Sasa, mwaka mmoja kabla simu ya Lekoko haijalia, jirani yake alipigiwa simu na mtu wa serikali kutoka Dar es Salaam. Mtu huyo alianza kwa upole: wewe ni mzazi wa fulani? Usishtuke. Binti wa jirani yule alikuwa amekwisha kufa. Tangu siku hiyo wazee wa kijiji kile walijua kwamba serikali haimtafuti mzazi kwa simu ila kwa jambo moja.

Simu ya Lekoko ililia akiwa kilimani, pale panaposhika mtandao, mbuzi wachache wakimzunguka.

"Haloo. Shikamoo baba." Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Marahaba."

"Naongea na mzee Lekoko wa Endulen?"

"Ndiye."

"Baba, napiga kutoka ubalozi wa Tanzania, huku Uarabuni. Usishtuke. Nina swali moja tu. Una mtoto anayeitwa Naftali? Naftali Lekoko?"

Neno lile, usishtuke, lilikuwa lilelile aliloambiwa jirani. Alikaa chini kwenye majani. Akatazama bondeni, akaona moshi wa jiko la Naisula, akajua kwamba yeye peke yake katika nchi hii anajua msiba ule.

"Baba, unanisikia? Unamfahamu mtu huyu?"

Kwa watu wa Lekoko, mtu akifa jina lake linaondoka naye. Halitajwi tena bomani. Hata kama mwingine analo, hubadilishiwa. Mgeni akiuliza marehemu kwa jina, jibu ni moja, na kila mwenye adabu hulielewa: hapa hayupo mtu wa namna hiyo. Huko si kumkana marehemu. Ndiyo heshima ya mwisho anayopewa, na mwenye kuuliza hunyamaza akaelewa kwamba amefika kwenye msiba.

"Kwetu hakuna mtu wa jina hilo," alisema Lekoko.

"Hakuna kabisa? Baba, tafadhali fikiri vizuri. Ni jambo kubwa."

"Nimekwambia hakuna." Akaongeza: "Asante kwa kutujulisha."

Kisha sauti ikasema, "Haya, baba. Samahani kwa usumbufu," na simu ikakatika.

Jioni ile Naisula aliambiwa. Hakulia kwa sauti. Alivua shanga za shingoni, akavua na za masikioni, akaziweka kwenye kibuyu akakifunika. Walinyolewa vichwa wote, na Nareyu pia. Hapakuwa na mwili wa kuzika, lakini yote yaliyopasa kufanywa bila mwili yalifanyika, na jina likatolewa katika vinywa vya watu wa boma lile.

Mwezi haukuisha. Nareyu alikuwa amemshika mtoto kliniki pale Endulen simu yake ilipolia kwa namba ndefu. Alirudi bomani mbio, mtoto akirukaruka mgongoni, akaanguka magotini mbele ya mkwewe. Kwa adabu mkwe hamkaribii baba mkwe hivyo, lakini hakuwa na akili ya kukumbuka adabu.

"Yu hai," alisema. "Nimezungumza naye. Anauliza kwa nini umemkana."

Naisula ndiye aliyemvuta Nareyu kando na kumtaka aseme polepole, neno moja baada ya jingine.

Habari aliyoisema Naftali kwa simu ya kuazima ilikuwa hivi. Yule mtu mnene alimpa Naftali pasipoti ya Kenya yenye jina la mtu mwingine, naye alijua hilo akiwa tayari uwanja wa ndege. Kule jangwani alichunga bila kulipwa, akalala na mbuzi, akapigwa, akatoroka. Polisi walimkamata barabarani, wakamtia mahabusu ya wageni wasio na vibali. Ubalozi wa Kenya ulimtazama, ukatazama na ile pasipoti, ukasema huyu si wetu. Ubalozi wa Tanzania ulimtuma afisa, dada mmoja aliyemsikiliza mpaka mwisho. Dada huyo akapiga simu nyumbani ili aseme kwa hakika kwamba mtu huyu ni wa kwao, apewe hati ya dharura ya safari. Nyumbani wakajibu hawamjui.

Na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Kila mwaka, Idi ikikaribia, mfalme wa huko huwasamehe wafungwa wageni, wanapandishwa ndege kwenda makwao. Lakini husamehewa tu wale ambao ubalozi wao umesema hawa ni wetu. Asiye na mwenyewe huachwa ashtakiwe, na pasipoti ya uongo kule ni miaka.

"Amesema muda umebaki kidogo," alimalizia Nareyu. "Amesema baba amwambie yule dada kwamba yeye ni wa kwetu."

Walichinja kondoo siku ileile, wakapakana mafuta, ili jina lirudi vinywani. Lakini shanga za Naisula zilibaki kibuyuni. "Nitazivaa nikimshika," alisema.

Lekoko alijaribu kwanza njia ya siku hizi. Simu yake ilikataa kupiga nje ya nchi. Akaenda kwa mtendaji wa kijiji, kijana mstaarabu, naye akapiga Dodoma na kuhamishwa kutoka meza hadi meza akiwa amesimama. Mwisho alisema, "Mzee, wamenieleza utaratibu. Uhamiaji wilaya wathibitishe, wapeleke makao makuu, makao makuu wapeleke wizarani, wizara ndiyo iwaandikie ubalozi."

"Mimi niliulizwa na ubalozi wenyewe, moja kwa moja, nikajibu."

"Ndiyo."

"Kwa nini kosa lilipita njia fupi, na marekebisho yapite njia ndefu?"

Mtendaji alikuna kichwa. "Hilo hata mimi, mzee wangu, sijui."

Ila Naftali alikuwa amemwambia mke wake jambo moja zaidi. Yule dada wa ubalozini anaitwa Hyasinta, Mmbulu, binti wa Hhando wa Kansay. Lekoko alilishika hilo kama mtu anayezama anavyoshika mzizi. Kama ubalozi haufikiki, baba wa ubalozi anafikika.

Asubuhi aliingia kwenye gari la abiria, likapanda mpaka ukingoni mwa kreta, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba dereva alitoa kichwa dirishani. Loduare, kwenye lango la hifadhi, aliulizwa kitambulisho. Alikitoa, akakitazama mwenyewe kwanza kabla ya kukikabidhi, kile kipande kigumu chenye picha yake. Mwanawe alikuwa anakufa kwa kukosa kitu kama hiki. Wakati huohuo magari ya watalii yalikuwa yanaingia, na watu waliotoka ng'ambo ya bahari walipita wakipunga mikono.

Karatu alishuka, akavuka barabara, akang'oa majani mabichi kando ya mtaro.

"Mzee," alisema kijana wa bodaboda, "ndama yuko wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Lekoko alipanda nyuma ya pikipiki, majani mkononi. "Kansay. Kwa Hhando mwenye binti ubalozini."

"Kwa balozi? Sema hivyo bwana! Shikilia majani yako vizuri, upepo usile."

Hhando alikuwa uani mwake akipura mbaazi na mkewe, Bernadina. Alipoinua kichwa aliona Mmasai mzee amesimama mwisho wa shamba, peke yake, ameinua majani. Fimbo ya kupuria ilibaki hewani. Alikuwa amesikia habari za jambo hilo kwa babu yake, na hakutegemea kuliona.

Alimwendea polepole, akasimama hatua chache mbele yake.

"Mmasai bila mkuki," alisema. "Umepotea au umezeeka?"

"Vyote viwili."

"Kama umefuata ng'ombe, nimebaki na watatu, na mmoja anachechemea."

"Ningefuata ng'ombe nisingekuja mchana."

Bernadina alicheka akajifunika mdomo kwa khanga. Hhando naye alicheka, kisha akamtazama mgeni kichwani, akaona kilivyonyolewa, akaacha. "Karibu. Weka majani chini, wale watatu watakushukuru."

Alipewa maziwa ya mgando. Alisimulia yote, hakuficha kitu, hata lile la asante kwa kutujulisha. Bernadina aliinuka akaingia ndani kabla hajamaliza. Hhando alikwenda kuleta simu yake kubwa.

Ililia kwa muda mrefu. Ilipopokelewa Hhando alisema kwa Kiiraqw, lugha ya Wambulu, kisha akaiweka kwenye mkeka, sauti juu, kati ya wazee wawili.

"Shikamoo baba," ilisema sauti ileile.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Lekoko. Yule."

"Wewe ndiye uliyenikatalia," alisema Hyasinta.

"Ni mimi."

Akaeleza. Alieleza vibaya, maneno yakimkimbia, Hhando akimsaidia. Mwanamke alisikiliza, na walipomaliza walisikia akivuta pumzi.

"Baba, mimi nilikuwa na hakika kwamba kijana ni wetu. Unajua kwa nini? Alinisalimia kwa Kiiraqw. Anajua yale maneno ya mnadani, ya kuuza mbuzi na kutukana mnunuzi. Mmasai wa Kajiado, huko Kenya, angeyatoa wapi? Nilicheka mle mahabusu mpaka askari akanishangaa. Lakini siwezi kuandika kwamba mtu ni Mtanzania kwa sababu anajua kutukana kwa Kimbulu. Nilihitaji neno la nyumbani."

"Sasa nakupa."

"Umechelewa, baba. Lile la kwanza nimeshalipeleka. Neno la ubalozi si langu mimi Hyasinta. Likitoka ni neno la nchi. Nikirudi leo niseme nchi ilikosea, watauliza, na kesho mtasemaje?"

"Wewe ni serikali. Mtoe."

"Mimi ni mgeni huku, baba. Balozi wangu mwenyewe ni mgeni. Watu wanaona bendera kwenye gari wanadhani tunaamuru. Tumo kwenye nyumba ya watu, tunabisha hodi. Naweza kumtembelea. Naweza kumtafutia mkalimani mahakamani, nikaangalia asipigwe, nikaandika hati ya safari akishatambuliwa. Lango la gereza silifungui. Na si yeye peke yake. Nina wasichana wa kazi waliotoroka wamelala sebuleni kwa ubalozi. Nina maiti ya dereva inayongoja kibali. Nikimaliza hapo napokea ujumbe wa wafanyabiashara wanaotaka kuuza nyama huku, nao wananiuliza bei ya mbuzi."

Hhando alisema kwa ukali kidogo, "Hyasinta. Mzee amekuja na majani."

"Amekuja na nini?"

"Majani. Mkononi. Amesimama shambani."

Waliposikia sauti yake tena ilikuwa imeshuka. "Kesho nina ruhusa ya kuingia mahabusu. Nendeni ofisi ya uhamiaji pale Karatu, baba na mama yake. Afisa wa hapo ashuhudie. Nitaomba niruhusiwe kuwaonyesha uso wake kwa simu. Mkimtambua mbele ya afisa, nitakimbia nalo hilo wizara ya huku kabla orodha ya Idi haijafungwa. Siahidi, baba. Umenisikia? Siahidi."

Lekoko alilala Kansay. Alipoaga asubuhi Hhando alimsindikiza mpaka barabarani. "Zama za babu yangu," alisema, "ningekutolea mtu wako ndani ukaenda naye."

"Zama za baba yangu," alijibu Lekoko, "angeniuliza mtu uso kwa uso, nisingekosea."

Naisula, aliyepigiwa simu jioni ile, alikuwa ameteremka kwa gari la kwanza, akamkuta nje ya ofisi. Afisa alikuwa kijana mwenye heshima, aliwapa viti. Alianza kuuliza maswali yake, akiandika kwenye kompyuta.

"Mzee, kwa nini mwanzo ulisema humjui?"

"Nilidhani amekufa."

"Sasa mtoto akifa si wako tena?"

"Ni wangu. Ila jina halitajwi."

Kijana aliinua vidole kwenye vitufe, akavishikilia hapo. Alimtazama Naisula, kichwa chake na masikio yake matupu yaliyoning'inia. Mwisho aliandika na kuwasomea: mzazi alichanganyikiwa kutokana na umri. Lekoko hakubisha. Kama kuitwa mwehu kungemtoa mtoto, angeitwa mwehu na wilaya nzima.

"Ana alama gani mwilini?"

"Meno mawili ya chini yameng'olewa. Na kovu la moto shavuni, hapa."

"Mzee, hizo Wamasai wengi wanazo. Hata wa upande wa pili wa mpaka."

"Ndugu zetu wako upande wa pili. Unataka wawe na sura nyingine?"

Simu ya afisa ilianza kuita. Akaisimamisha mezani akaiegemeza kwenye chupa ya maji. Uso wa Hyasinta ulitokea, mwanamke wa makamo mwenye mtandio kichwani na macho ya mtu asiyelala. Alisalimia haraka. Nyuma yake palikuwa na ukuta mweupe na askari. "Tuna dakika chache. Yuko hapa." Picha ikayumba, ikamwonyesha Naftali.

Alikuwa amekonda hadi mifupa ya mashavu imechomoza. Amevaa shati la kijivu la mahabusu. Naisula alisema neno kwa Kimasai, afisa akaomba kwa upole, "Kiswahili, mama, nami nisikie."

Lekoko alisimama. Alijua hapakuwa na haja ya kusimama mbele ya simu, lakini alisimama. "Naftali," alisema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye foleni nje. "Naftali Lekoko. Ni mwanangu, nimemzaa, Endulen. Naftali."

Kijana hakumtazama baba yake. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Yeyo, mama," alisema, "nani amekufa?"

Naisula alipeleka mkono kichwani.

"Kichwa chako. Shanga zako ziko wapi? Nareyu hajambo? Mtoto?"

"Wote wazima," alisema Lekoko. "Hakuna aliyekufa."

Naftali alihamisha macho, akaona na kichwa cha baba yake. Alitazama kimoja, akatazama cha pili. Alikuwa mtoto wa boma, hakuhitaji kuelezwa.

"Ni mimi," alisema.

"Mwanangu, walisema usishtuke, mimi nika..."

"Mlinimaliza kabisa? Mpaka jina?"

"Tumelirudisha. Tumechinja kondoo."

Naftali alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyejibiwa swali alilolikalia muda mrefu. "Basi hukunikana, baba," alisema. "Nilifikiri umenikana." Akaanza kulia bila kujifunika uso, na Naisula akainyoshea simu mikono yote miwili mpaka ikaanguka, afisa akaisimamisha tena.

Hyasinta alikuwa amerudi kwenye kioo. Alisema amesikia, afisa amesikia, utambuzi umefanyika, ataandika sasa hivi. Kisha akashusha sauti. Orodha ilifungwa asubuhi ileile. Alikuwa amekwenda kuomba kabla ya kuja mahabusu. Walimjibu kwamba ubalozi wenye majibu mawili hauna jibu, na mtu mwenye majina mawili aende akamweleze hakimu. Ataendelea kubisha. Ataandika, atamwita balozi mwenyewe. Ila kwa Idi hii, hapana.

"Binti," alisema Lekoko, "nitakuja mimi. Wanishike mimi. Kosa ni langu."

"Hawabadilishani watu siku hizi, baba," alisema Hyasinta.

Idi ilipita. Naftali alihukumiwa kwa jina lile la kwenye pasipoti, kwa sababu ndilo lililotenda kosa, akapelekwa gereza la mbali ambako simu haziingii. Hyasinta alihamishiwa kituo cha nchi nyingine, kama wanavyohamishwa wote baada ya miaka yao, na aliyekuja badala yake ni mtu mwema anayesema jalada lipo. Hhando humpigia Lekoko kila baada ya mavuno kumwambia kwamba hakuna jipya. Mtu mnene mwenye simu mbili bado yuko mjini, anatafuta wachungaji.

Lakini siku ile, pale ofisini, askari alimshika Naftali mkono akamwinua. Hyasinta alimfuata akasahau kuzima simu, akawa ameishika chini ubavuni. Karatu hawakuona nyuso tena, waliona sakafu tu, na miguu. Miguu ya Naftali ilikuwa na ndala za plastiki zisizolingana. Viatu vyeusi vya Hyasinta vilikuwa nyuma yake, vinaharakisha. Sauti yake ilisikika ikisema Kiarabu kwa haraka, kisha polepole, kisha chini sana, kama mtu anayeomba. Ndala zilivuka kizingiti. Viatu vyeusi vilifika pale, vikasimama, na mlango ukafungwa mbele ya Hyasinta. Vilikuwa bado vimesimama afisa aliponyosha mkono akachukua simu yake, maana foleni ilikuwa ndefu, na hiyo ikawa mara ya mwisho Lekoko kuwaona wote wawili.